Hesabu Isiyofika Saba

Ogweno amevipanga juu ya gunia, nyuma ya soko la Kibuye,
kati ya vitabu vya ufugaji wa kuku na Biblia zisizo na jalada:
juzuu tatu nene, mgongo wa kijani, za lugha
ambazo hakuna mtoto aliyewahi kuzililia maziwa.
"Elfu tatu na mia mbili," anasema.
"Hawa ni mapacha, dada. Sitenganishi."

Nachuchumaa. Jua la Kisumu Jumapili halina adabu.
Elfu tatu na mia mbili ni gesi na chenji,
ni nusu ya deni la sare za Akelo,
ni wiki mbili za kupanda ngazi bila kunyata
nikipita mlango wa mwenye nyumba.
Nami ni karani wa duka la mbegu:
bei ya kilo ya mtama naijua, ya kitenzi siijui.

Nafungua juzuu ya kwanza.
Bwana mmoja, jina lake limejaa nukta juu ya herufi,
ameunda lugha yenye makundi kumi na mawili ya nomino.
Anajistaajabia kurasa tisa nzima.
Anauliza: je, akili ya binadamu itaweza kuyabeba?
Nami tangu chai ya asubuhi nimeshayabeba,
kiti kimevunjika, viti vimevunjika,
ukuta una ufa, kuta zina nyufa,
na mkono mwingine una mfuko wa nyanya.
Nikacheka. Ogweno akadhani nimekubali bei.

Juzuu ya pili ikanifunga mdomo.
Humo mna lugha isiyokuruhusu kusema "alikuja"
kabla hujatia silabi ya ushahidi:
*-ne*, kama ulimwona kwa macho,
*-sul*, kama uliambiwa,
*-o*, kama unatamani tu iwe hivyo.
Nikazikumbuka barua za baba kutoka Mombasa.
Kila sentensi ingeishia kwa *-o*.
Nikawakumbuka waomba kura. Nikafunga kitabu.

Maana hoja za kukataa ninazo, tena zina uzito.
Lugha isiyo na matusi haijawahi kukanyagwa kidole.
Lugha isiyo na bibi haina wa kuisahihisha.
Na Kondele nzima, nitamwamkia nani kwayo?
Kinyore cha mama chenyewe nakisema kwa kuchechemea,
Kijaluo changu kinatosha kununulia samaki, basi.
Mwenye mashamba mawili yaliyoota magugu
anunue ramani ya shamba la mwezini?

Nikamwambia Ogweno nitarudi.
Akakung'uta vumbi, hakuniangalia.
Sentensi ya *-o*, hiyo.

Usiku stima zimepotea, nahesabu sarafu kwa vidole,
nikausikia mdomo wangu ukisema:
*pim, kolo, sesa, yau, ruvi, domb.*

Tetekuwanga. Mimi na Ambani, Bunyore,
tumefungiwa stoo ya mahindi siku kumi na moja,
tumepakwa dawa nyeupe kama kuta za zahanati.
Binamu walikuja dirishani kutucheka,
tukaunda maneno wasiyoweza kuyacheka.
Tulikuwa na neno la kuwashwa mahali usipofikia.
Tulikuwa na neno la uji uliopoa, na jingine
la uji uliopoa ulioletwa na mtu anayekuogopa.
Kisha vidonda vikakauka, mlango ukafunguliwa,
na lugha ikatoka nje, ikapigwa na mwanga.

*Domb.* Halafu?

Nikampigia Ambani, yuko Eldoret, zamu ya usiku,
anapima maziwa ya watu.
"Saba ni nini?"
Hakuuliza kwa lugha gani.
Alinyamaza, nikasikia mikebe ikigongana nyuma yake,
mtu akimwita, yeye haitiki.
"Saba," akasema, "ilikuwa zamu yako."

Mia tano nimeifunga pembeni mwa leso, ya arbuni.
Mtungi nimeutikisa. Bado kuna kitu chini,
kama wiki moja hivi.